Agnella Mponda, Mama wa Vitus, Digna na Evod

Mama yetu mpendwa, Agnella Raimundi Mponda, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 huko Mahenge, mtoto wa pili wa Mzee Raimundi na Mama Merina.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1965, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Hata hivyo, miaka aliyouza vitumbua Mlabani, mtoto wa shule hakupewa cha bure mpaka ataje tebo ya saba ya kuzidisha bila kukosea. Aliyekosea alipewa pia, ila aliambiwa arudi kesho akiwa ameijua.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Kelestini Mponda, wakahamia Michenga kulima mpunga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Vitus, mimi Digna ninayesoma hapa, na Evod. Baba alitangulia mwaka 2001.

Tarehe 9 Aprili 2008 Vitus alikuwa akivuka na Evod kwa mtumbwi pale Kivukoni, mto umejaa. Mtumbwi ulipinduka. Vitus aliogelea akafika ukingoni. Evod, mwenye miaka kumi na mitano, alipatikana siku ya tatu. Matangani, mbele ya watu, nilimwambia kaka, "Wewe umetokaje mzima?" Tangu siku hiyo hatukusalimiana tena. Mama hakumlaumu hata mmoja wetu.

Krismasi ya mwaka 2023 mama alituita wote wawili, bila kumwambia mmoja kuhusu mwenzake. Nilipoiona pikipiki ya kaka uani, niligeuza. Mama alinifuata hadi barabarani bila viatu.

"Digna, ingia mwanangu. Nimepika wali wa kututosha sote."

Nilipanda bodaboda nikaondoka.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imeshasambaa. Alipolazwa, kaka alimhudumia asubuhi na mimi jioni. Zamu tulipangiwa na mama mdogo Aurelia, kwa kuwa sisi wenyewe hatukupigiana simu.

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, hali yake ilibadilika, nami nikawahi asubuhi. Kaka alikuja akanikuta, akasimama nje ya wodi akisubiri nitoke. Nilimwona dirishani. Mama alisema, "Mwite kaka yako aingie."

Nikamjibu, "Ngoja kwanza, mama, nikufute uso."

Nilimfuta taratibu, nikikawia kwa makusudi. Saa nne na dakika kumi mama alikata roho. Kaka alikuwa mlangoni, hatua chache tu kutoka kitandani.

Jana nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi kwa hilo na kwa lile la matangani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wasifu soma wewe, ila usome yote. Tukishamzika mama, usinitafute."

Nimesoma yote.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu sita, na mdogo wake Aurelia. Wajukuu hao wamefahamiana juzi tu, hapa msibani.

Mungu ampokee mama yetu, ampe utulivu ambao sisi wanawe tulimnyima.