Mzee Tulia, Aliyefuta Mahali Kwenye Picha

Ndugu na majirani, haya yameandikwa na mdogo wa kike wa marehemu, aliyenyonya naye ziwa moja. Mjane ndiye aliyetaka yasomwe yote, bila kupunguzwa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alikuwa na mikono isiyotulia: kila kilichofungwa alitaka kukifungua. Aliwahi kufungua saa ya mteja akashindwa kuirudisha, na kipigo alichokipata siku ile alikisimulia mpaka uzeeni, akicheka.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na stesheni, kisha sekondari hadi kidato cha pili, baba yetu alipofariki mwaka 1973. Ndipo mpiga picha mmoja alipomchukua kusafisha picha katika chumba cha giza kilichonuka dawa. Hapo ndipo alipokuja msichana mmoja fundi cherehani, mwaka 1983, kupigwa picha ya kitambulisho. Akaambiwa picha imeungua, arudi kesho. Aliporudi mara ya tatu alimwambia, "Wewe kaka, ama kazi huijui, ama unaijua mno." Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu: wa kwanza fundi magari, wa mwisho muuguzi, na wa katikati Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa maneno mengi.

Mwaka 1986 alifungua studio yake, chumba chenye pazia la buluu na kiti kimoja cha mbao. "Tulia!" aliwaambia wote, maharusi kwa vichanga, hata wakubwa wa serikali, mpaka jina likamganda. Kamera za kidijitali zilipoingia, wenzake walilia, yeye akafurahi kama mtoto. Aligundua kwamba kila picha inabeba maelezo yasiyoonekana kwa macho: tarehe, saa, aina ya kamera, na ikiwa imepigwa kwa simu, hata mahali mpigaji alipokuwa amesimama. Kuanzia hapo hakuwa na dogo. Jirani alikuja sebuleni kutuonyesha picha ya boga kubwa, eti kalivuna asubuhi ile. Kaka akaiweka kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Jirani, boga hili mlilila mwaka juzi." Lo! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mwenye boga akacheka kuliko sisi.

Katika waliocheka siku ile alikuwamo mkwe wetu, mume wa Chiriku. Aliomba naye afundishwe maelezo hayo yanavyosomwa. Kaka alimfundisha kwa moyo mweupe, hatua kwa hatua, na chai akammiminia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Ndoa ile ilikuwa ya kipigo, na kituo cha polisi tuliambiwa hayo ni ya mke na mume. Mwezi Juni 2015 Chiriku alikimbia na mimba yake, asimuage mtu. Mwaka uliofuata ikaja kadi ndogo ya kuhifadhia picha za simu, imepita mikononi mwa madereva wa malori, wala aliyeileta hakujua ilikoanzia. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtoto mchanga, msichana. Mkwe akasikia, akaja analia, akisema amejirudi, anaomba nakala ya picha ya mwanawe tu. Wifi yangu, mama yake Chiriku, akaona huruma, akampa. Mkwe akaisoma kama alivyofundishwa. Wiki haikuisha, alikuwa mlangoni kwa Chiriku. Dereva ndiye aliyetuletea habari: binti amevunjwa mkono, na amehama tena na mwanawe.

Tangu siku ile kaka hakucheza tena na picha za watu. Kila kadi ilipofika alijifungia studio, akasoma ilikotoka, akafuta mahali, ndipo akachapisha picha safi na kumpelekea mkewe. Alijua binti yake anaishi wapi, hata upande wa barabara. Hakwenda hata mara moja, kwa sababu mkwe alikuwa bado anatuzunguka. Tulimwona akikonda, tukidhani ni umri.

Tarehe 3 Machi mwaka huu wa 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani, kwenye chumba cha nyuma, na mkewe hakubanduka. Kila mgonjwa alipopata nafuu, mkewe alimuuliza lile lile.

"Baba watoto, niambie basi. Yuko wapi mwanangu?"

"Nikikwambia utakwenda."

"Nitakwenda, ndiyo! Kwani nimemzaa nani?"

"Na ukienda, utafuatwa."

Wifi alimgeuzia mgongo siku mbili. Siku ya tatu mgonjwa aliomba kompyuta iletwe kitandani, akamshika mkono yule mama, akamwonyesha namna ya kufuta mahali bila kupafungua. Alimrudisha mwanzo mara nyingi, mpaka akaweza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale walikuwa wawili, kila mmoja na wake.

Kaka alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa ameshika miguu yake.

Jumamosi ikaja kadi. Wifi aliiingiza kwenye kompyuta, sisi tumesimama nyuma yake. Angebonyeza mara moja tu, angejua. Angepanda gari, angemkumbatia mwanawe, wangemlilia baba yao pamoja. Alisema, "Nikipajua, miguu yangu itanipeleka." Akafuta. Kisha akapiga yowe ambalo majirani wote mlilisikia, na wengine mlidhani ndiyo kwanza amefiwa.

Basi na asikie yule anayetaka kujua, kama yupo kati yetu au ametuma masikio yake: usije tena kubisha mlango wa mjane huyu. Aliyepajua mahali pale alikuwa mmoja, na ndiye huyu tunayemshusha.

Ameacha mjane, mwana wa kwanza na mkewe, kitinda mimba wake, mdogo wake anayesoma haya, wajukuu watano, wa mwisho hakuwahi kumbeba, na Chiriku, ambaye leo huenda anafua nguo au anamsuka mwanawe nywele, na hajui kwamba hana baba.

Kaka, umechoka. Pumzika kwa amani.