Firigisi za Ijumaa

Fadhil, weka hiyo simu. Lubna, sijafa bado, acha kulia, njoo uketi huku upande wa ndugu yako, si kule mlangoni kama mgeni. Sikilizeni wanangu, maana pumzi iliyobaki ni kidogo na sitaki kuimalizia kwa kuamua ugomvi wa kuku.

Nyumba na minazi ya baba yenu msiniulize. Hayo Mola ameshayagawa, kadhi atawasomea kila mtu fungu lake, na mimi sina ruhusa ya kumwongezea mrithi hata kifuu. La kuusia ninalo moja, nalo ndilo lililoniudhi tangu Ramadhani mpaka leo.

Wewe Fadhil, ulipoanza kufuga broila hapa Pate ulitaka uonekane unawalea kwa heshima, ukawasagia mahindi kwa mashine yetu, umeitia lile chekeche jembamba la unga wa mikate ya mofa, yakatoka laini kama poda ya mtoto mchanga. Nikakwambia kuku hana meno, meno yake ni firigisi, na firigisi isipopewa kazi hulala. Hukunisikia. Unga ukawaganda midomoni, ukachafua maji yao ya kunywa, na ule ulioshuka tumboni ukapita mbio, ukifagia banda waona chakula kwenye mavi. Kuku wakashinda wanadonoa na wasinenepe, hata Crispus, yule mpishi wa hoteli ya Ras Kitau, akawageuzageuza na kukurudishia wote kwa boti ile ile iliyowapeleka.

Na ulipoaibika ukafanya nini? Ukasema Lubna ana kijicho, kwa kuwa banda lake limepakana na lako na kuku wake wananawiri. Kisha ukaenda kuandikisha kombe sahanini kwa zafarani, maneno matukufu ya Mungu, ukayaosha kwa maji ukawamiminia kuku wanaoharisha. Nimezaliwa nti hii, nimezeekea hapa, na jambo hilo sijapata kuliona wala kulisikia. Siku ile nilichoka, mwanangu, kuliko ninavyochoka leo.

Usicheke, Lubna. Wewe ulijua. Mahindi yako ulikuwa ukiyaparaza tu yakabaki chenga, vifaranga ukiwapa ndogondogo, wakikua unawapa kubwa, na kwa mato yako ulimwona ndugu yako akizidi kupotea ndia ukanyamaza kwa sababu alikutukana. Kukasirika ulikuwa na haki. Kunyamaza hukuwa nayo.

Mnajiuliza nimejuaje, nami siku hizi siwezi hata kufika bandani. Tangu baba yenu afariki, firigisi ya Ijumaa huletwa kwenye sahani yangu mimi, mkubwa wa nyumba, na kila mmoja wenu huleta ya kuku wake, anataka dua yake peke yake. Ya Lubna nikiibonyeza ni nene, imekaza. Yako Fadhil ni kijifuko laini, kinanifaa mimi nisiye na meno, ndiyo maana nilikuwa nikianza nacho. Nawe ukafurahi, ukadhani nakupenda zaidi.

Basi shikeni. Lile chekeche jembamba namwachia Bi Raihana, jirani yetu, ambaye si mrithi wangu na ndiye anayeoka mofa. Mpelekeeni leo leo. Mashine ibaki na chekeche la matundu makubwa, na Lubna amsagie kaka yake, amwonyeshe, bila kumsimanga. Na kombe, Fadhil, wanyweshwe watu.

Niinulieni mto. Maji. Basi, yanatosha.

Siku ya hitima yangu mchinje kuku wa mabanda yote mawili. Firigisi zitatoka jikoni na hapatakuwa na mkubwa wa kuletewa. Msianze kutazamana. Fadhil ale ya Lubna, aitafune sana, ndipo ajue nilichokuwa nikimwambia. Lubna ale ya Fadhil, mpaka aimalize, akumbuke alinyamaza. Mkimaliza, mzungumze. Chochote. Hata juu ya kuku.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sawasawa. Mungu awahifadhi, awape riziki ya halali, asiwatenganishe. Nimechoka sasa. Sogea, Lubna. Fadhil, mpe ndugu yako mkono.

Si huo wenye simu, mwanangu. Huo mwingine.