Ng'ombe Wasio Wangu

Wazazi wenzangu, wakubwa wangu shikamooni, na walionizidi kwa imani nawasalimu pia. Nimeomba nisimame kabla karatasi za maombi ya ada hazijagawiwa, kwa sababu najua zitakuwaje. Zitatoka hapa kanisani, zitalala kwenu siku mbili, kisha zitaletwa kwangu Itetemia nizijaze. Ni haki mmjue vizuri mtu mnayemletea. Sitamtaja mtu kwa jina. Mkimtambua yeyote, mtambueni kimya.

Mnajua sikukaa darasani. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kanisa na kwa matangazo ya serikali yaliyobandikwa barazani kwa Mtemi. Nimewaandikia barua wengi wenu, na nimesimama mbele ya makarani kwa ajili yenu. Sijawahi kurudishiwa karatasi kwa kosa. Nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Binti yangu alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, ada ilitushinda. Baraza lilikuwa na msaada kwa wasio na uwezo, basi tukachukua karatasi. Tuliijaza sisi watatu, mezani, mchana kweupe. Mama yake alikuwa akikumbusha, mimi nikitamka, binti akiandika, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Karatasi ikauliza nyumba: ya udongo, paa la nyasi. Baiskeli: moja, haina breki. Tulipofika kwenye ng'ombe, binti aliinua uso.

"Baba, niandike wangapi?"

"Andika watano."

"Na wa mjomba?"

"Karatasi inauliza mali ya mzazi. Wa mjomba ni wa mjomba."

Akaandika watano. Huo ndio ulikuwa ukweli, ndugu zangu, na tulikuwa tumeuandika kwa wino.

Bomani kwangu kulikuwa na ng'ombe thelathini na wanne. Ninyi hamhitaji maelezo, lakini vijana wa mjini huenda wanahitaji. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa kwa jamaa wawafuge. Mfugaji anakunywa maziwa na kupata samadi, na mwenye mali anajua ugonjwa ukiingia boma moja hautamaliza wote. Na tuseme kweli, wapo wanaogawa ili ndugu zao wasijue wana kiasi gani. Shemeji yangu wa Ziba, ndiye huyo mjomba, alikuwa mmoja wao. Aliniletea wale ng'ombe miaka kumi na mmoja nyuma, nikamwahidi kwamba mdomo wangu hautafunguka.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka. Karani wa Baraza alikuja kuhakikisha, pamoja na mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji. Walifika ng'ombe wakiwa bado bomani, na majirani wakakusanyika kama mjuavyo. Karani akahesabu mara mbili.

"Mzee, hapa pameandikwa watano. Hawa wengine wameota usiku?"

Watu wakacheka. Jirani yangu mmoja akasema, "Tajiri akiomba msaada, sisi wenye kuku tuombe nini?"

Mwanangwa alinivuta kando. "Kama si wako, sema. Karani ataandika jina la mwenyewe, basi, yamekwisha."

Ningeweza kusema. Mtu anaweza kuniambia nilinyamaza kwa sababu ya ahadi, na nusu ni kweli. Nusu nyingine ndiyo iliyonileta hapa mbele. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeamkiwa kama mwenye ng'ombe. Arusini nilipewa kiti cha mbele. Wazee walioniona tangu nikiwa mtoto wa mpagazi asiye na kitu walikuwa wakiniuliza shauri la mifugo. Na wote walikuwa wamesimama pale, wakingoja.

Nikasema, "Ni makosa ya kuandika. Wote ni wangu."

Binti yangu alikuwa mlangoni na maji ya wageni. Akasema taratibu, "Baba, mimi ndiye niliyeandika."

Nikamjibu, "Weka maji, uingie ndani."

Akaweka maji, akaingia ndani.

Jibu lilikuja kabla ya mvua: mzazi ana uwezo, maombi yamekataliwa. Nafasi yake chuoni akapewa mwingine. Mwaka mzima binti alilima karanga na mama yake. Alinisalimu kila asubuhi kwa adabu zote, na baada ya salamu hakuniongezea neno. Nawaambia, heri angenitukana.

Kisha akaja mshenga. Mtu mwenye maneno mengi, aliketi, akasifu boma. "Nyumba kama hii haina haraka na mahari," akasema. "Ng'ombe tutakaoleta watapotea humu, hata hamtawaona."

Binti alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Mzee, hao unaowasifu ni wa mjomba. Baba ana watano. Kawaambie waliokutuma." Akanigeukia. "Au nimekosea tena kuandika?"

Mshenga alicheka akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Niliona kwamba mtoto wangu amesema kwa sentensi mbili kile nilichoshindwa kusema mwaka mzima, na kwamba alikuwa amebaki peke yake nyumbani mwangu mwenye ujasiri wa kukisema.

Wiki ile nilikwenda barazani, siku ya mashauri, watu wakiwa wamejaa. Nikasema mwaka uliopita nilidanganya.

Mwanangwa akauliza, "Ulidanganya pale uliposema watano, au pale uliposema wote?"

"Pale niliposema wote."

"Na leo tukuamini kwa nini?"

Hakunionea. Ilibidi nimpelekee habari shemeji aje awachukue ng'ombe wake. Alikuja na wanawe wawili, akawatoa mmoja mmoja, akawaswaga kwa ile njia ya zamani ya misafara, kila mtu akiona. Hakunywa hata maji. Alimwambia dada yake, mke wangu, "Umeolewa na mtu asiyefunga mdomo." Ndugu zake walipopata habari, walidai fungu lao katika mali ya baba yao. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu, na mke wangu hajakanyaga Ziba.

Karani alirudi, akahesabu watano, akaandika. Baraza lilitoa nusu ya ada. Binti alifanya usaili upya, akaingia chuoni akiwa amechelewa mwaka.

Nawashukuru akina mama wa kanisa hili, walioniletea nusu iliyobaki bila kuniuliza ng'ombe wangapi. Namshukuru karani yule, aliyekubali kurudi kwa mtu aliyemdanganya. Namshukuru mwanangwa kwa swali lake gumu. Mungu nimemshukuru pia, ingawa sijamaliza kuongea naye.

Ninachowaomba ni hiki. Anayefuga ng'ombe wa mtu amwambie mwenyewe mapema: mtoto wangu anaomba ada, nitakutaja. Akikataa, amrudishie ng'ombe wake kabla karani hajaja. Na mkija kwangu, njooni na mtoto aliyeombewa, akae mezani asikie kila jibu. Halafu siku ya karani msimwambie aingie ndani.

Binti yangu huandika barua kila mwezi. Bahasha huandikwa jina langu, kwa sababu sanduku la posta ni langu, lakini ndani barua ni ya mama yake. Mama yake hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Mimi binti hunisalimu pale mwisho, baada ya kuulizia mbuzi. Ya mwezi uliopita ilianza hivi: "Mama, mwambie anayekusomea asiruke neno."

Nilimsomea na hilo pia.