Marehemu Mzee Tarsisi Ndunguru, Babu wa Kambi ya Farasi ya Mkumbi (1953–2025)

Mzee Tarsisi Kosmas Ndunguru, tunayemsindikiza leo Jumanne tarehe 6 Mei 2025, alizaliwa hapa Mbuji tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Kosmas Ndunguru na marehemu Anastasia Kapinga. Alibatizwa wiki mbili baadaye. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo padri alifika akiwa juu ya farasi wa misheni, na kichanga hakulia maji yalipomwagwa kichwani, bali aligeuza shingo kumtafuta yule mnyama aliyekuwa akikoroma nje ya mlango. Kama ni kweli au bibi alitia chumvi, hatuna tena wa kumuuliza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akamfanya mwandishi wa ubaoni. Hakuendelea zaidi, kwa sababu mwaka huohuo baba yake alifariki na kahawa haikuwa na mtu. Akashika jembe, akachimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Kimatengo, kwenye miteremko kama alivyofundishwa, na kwa kahawa hiyo akawasomesha wadogo zake wawili. Mmoja wa wadogo hao alikuwa marehemu Filomena, mama yake Hamphrey Nombo. Jina la Hamphrey litarudi huko mbele, msikilizaji alishike.

Mwaka 1974 alikwenda kutafuta kazi nyanda za Iringa, kwenye shamba moja la ng'ombe na farasi. Alianza kwa kukata majani, na hadi anaondoka mwaka 1989 yeye ndiye aliyekuwa akiitwa pale farasi alipokataa kula, alipokataa tandiko au alipokataa watu. Alirudi nyumbani na begi moja na ujuzi ambao Mbinga nzima hakuna aliyeuhitaji. Miaka tisa alilima tu. Ndipo mwaka 1998 marehemu Mzee Abdulkarimu, mwenye duka la vitambaa pale mjini, ambaye mababu zake walitoka Kilwa, alipopata kilima kule Mkumbi na kuleta farasi wanne. Watu walimcheka, maana farasi hakamuliwi wala halimi ngoro. Marehemu hakucheka. Alikwenda siku hiyohiyo, akamkuta jike mmoja anachechemea, akamwinua kwato na kutoa kijiwe. Mzee Abdulkarimu akamwambia, "Usiondoke."

Kambi ya watoto ilianza Juni 2003. Mzee Abdulkarimu alikuwa akilalamika kwamba wajukuu zake wa mjini hawajui hata maji ya kunywa yanatoka wapi. Marehemu akamjibu, "Niletee wiki mbili za likizo, nitakurudishia watu." Kuanzia hapo, kila Juni, wakati baridi ya Mkumbi inauma mpaka masikioni, walikuja watoto kutoka Mbinga, Songea na Mbamba Bay. Walijifunza kupiga brashi farasi, kutambua miti kwa kugusa gome lake, kufuata kijito hadi kwenye chemchemi, na kuchimba ngoro moja kila mmoja hata kama mikono ilitoka malengelenge. Mwisho wa kambi walishuka milima kwa miguu siku mbili, farasi wakibeba mizigo na waliochoka, hadi ufukwe wa Nyasa. Huko waliwaosha farasi kwenye maji ya kina kifupi, na akina mama wa kijijini wakawapikia ugali wa muhogo kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo.

Wengi wetu tunaikumbuka habari ya mtoto wa Songea aliyeambiwa kwamba jike mkubwa wa zizi, Kahawa, ni mzee kuliko wote, basi ampe heshima yake. Mtoto akasimama wima, akasema, "Shikamoo." Kahawa akapiga chafya. Mtoto akalalamika, "Babu, hajaitikia." Marehemu akamwambia, "Ameitikia kwa Kimatengo. Utazoea."

Sheria yake kambini ilikuwa moja, na hakuipunguza kwa mtoto wa yeyote. Mkono mtupu haulambwi: ukimwita farasi, uwe na kitu mkononi, hata kipande cha kiazi. Aliyemwita farasi bila kitu alikuwa amemdanganya, na siku hiyo hakupanda. Alisema farasi hasahau, na mtoto naye hasahau.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979 na Edina Hyera wa Kitura, ambaye marehemu alimchagua, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu binti huyo alikuwa hapendi kubembelezwa. Walipata watoto wanne: Tadea, Wilfred, Rosina na Mansuetus. Filomena alipofariki mwaka 1988, Edina alimchukua Hamphrey akiwa na miaka sita, na mwaka uliofuata mjomba wake alirudi kutoka Iringa akamkuta nyumbani kama mwanawe. Hamphrey alilala mkeka mmoja na Wilfred. Alifundishwa kupanda farasi kabla ya Wilfred. Ada yake ya chuo cha mifugo ilitangulia ya Mansuetus, na Mansuetus hakuwahi kulalamika hadi mwaka 2021. Mwaka 2012 Mzee Abdulkarimu alipotafuta meneja wa ranchi, marehemu alimwambia, "Mpe Hamphrey. Huyu nimemlea mwenyewe." Mzee Abdulkarimu alifariki mwaka 2017, na binti yake Saida, anayeishi Dar es Salaam, akaacha kila kitu mikononi mwa meneja.

Sasa tufike pale ambapo wengine wangependa turuke. Paroko ametushauri tusiseme la kumuumiza mtu, nasi tumepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki baada ya kupunguza.

Alhamisi tarehe 17 Juni 2021 kambi ilikuwa na watoto thelathini na wanne. Asubuhi lilifika lori. Hamphrey akamwambia marehemu, "Mjomba, mwaka huu farasi watangulie kwa gari. Daktari wa mifugo anawasubiri ziwani awachanje. Nyie mtafuata kesho na basi." Farasi walikuwa kumi na mmoja, na hawakuwa wakikubali kupanda gari kwa mtu mwingine yeyote. Wapakiaji walijaribu kamba, wakashindwa. Kwa hiyo marehemu alijaza mfuko mahindi, akasimama juu ya ubao wa lori, akawaita mmoja mmoja kwa jina, Kahawa akitangulia. Wote walipanda. Watoto walipiga makofi. Akawaambia, "Kesho tutawakuta ziwani."

Ijumaa walishuka. Walikaa ufukweni tangu saa nne asubuhi na viazi mifukoni. Saa sita wakaanza kuuliza. Saa nane marehemu akapiga simu, Hamphrey hakupokea. Saa kumi akapokea, akasema, "Mjomba, wameuzwa. Ranchi inapandwa maparachichi. Ningekuambia usingewaita." Hilo alilisema bila kumung'unya maneno, na marehemu alilirudia mbele ya familia mara moja tu.

Hakuwa amekata simu vizuri pale Rukaiya, msichana wa miaka kumi kutoka Mbamba Bay, alipomsogelea. "Babu, hawaji?" Akamjibu hawaji. Rukaiya akamtazama. "Kwa hiyo jana uliwaita mkono mtupu." Marehemu alisema kwamba katika maisha yake alipigwa mateke na farasi mara nyingi, na moja lilimvunja mbavu, lakini hakuna lililomfikia kama lile. Alifungua mdomo kusema hakujua, watoto wakawa wameshageuka. Walikula usipa wao na kurudi makwao, wakiamini kwamba babu aliyewakataza kumdanganya farasi alikuwa amewadanganya wao na farasi kwa pamoja.

Saida alipokuja Julai alilia. "Babu, mimi niliambiwa umeridhia. Hamphrey alisema wewe mwenyewe umechoka na farasi." Mjini nako ilienea kwamba mzee ndiye aliyetaka wauzwe. Tulipofuatilia maneno hayo yalikotoka, yalitufikisha kwenye nyumba tuliyoijengea msingi kwa mikono yetu. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Marehemu hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi wala mahakamani. Alitaka kitu kimoja tu: watoto wajue kwamba hakujua. Alimwomba Hamphrey aende akawaambie, kwa kuwa neno la aliyefanya lina uzito kuliko la aliyefanyiwa. Hamphrey akasema, "Mjomba, wale ni watoto, watasahau." Basi akaandika majina thelathini na manne kwenye daftari kwa ule mwandiko wake, akaanza kwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, Mbinga, Songea na ziwani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alibisha hodi, akaomba mtoto aitwe, akasema, "Nimekuja kukwambia kwamba siku ile sikujua." Hakukaa hata chai. Wengine walimkumbatia. Mmoja alimfungia mlango; marehemu akarudi baada ya mwezi, ukafunguliwa. Rukaiya alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kiazi kilichochemshwa, akamwekea mkononi. Siku hiyo ndiyo pekee tuliyomwona akirudi nyumbani anapiga mluzi.

Alikuwa amefika kwa watoto kumi na tisa pale miguu ilipoanza kuvimba, Oktoba 2023. Madaktari walisema moyo umepanuka na hausukumi damu vizuri, wakamkataza milima. Mbinga ukimkataza mtu milima umemkataza kutoka nje. Alilazwa mara tatu. Hamphrey alikuja kumwona hospitalini mara moja, Februari mwaka huu, akaleta maparachichi. Marehemu hakumgombeza. Alimpa daftari na kumwambia, "Wamebaki kumi na watano. Nimalizie." Hamphrey akasema atawamaliza kabla ya Pasaka. Pasaka ilipita. Daftari tulilikuta kwa muuguzi wa zamu, amelitunza, maana liliachwa juu ya kiti siku ileile. Hatukumwambia marehemu, na Mungu atusamehe kwa hilo. Kila aliyeingia, marehemu alimuuliza, "Hamphrey amefika kwa nani leo?" Tulimjibu kwamba anaendelea. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Juzi ililetwa nyumbani karatasi iliyochapwa vizuri, kutoka kwa Hamphrey, ikiwa na wasifu tayari. Ilisema marehemu "alistaafu kwa hiari mwaka 2021 ili kupumzika". Mama Edina aliisoma mara mbili, akaitumia kuwashia moto wa chai ya waombolezaji.

Marehemu ameacha mke, Edina, watoto wanne, Tadea, ambaye ndiye aliyeandika haya, Wilfred, Rosina na Mansuetus, wajukuu tisa, dada mmoja, na mpwa mmoja, Hamphrey Nombo, ambaye mama yetu ameagiza asiondolewe, kwa kuwa alilelewa hapa.

Ameacha pia kazi. Majina ya watoto kumi na watano ambao hakuwafikia yamechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi. Mwenye mtoto kati ya hao, au jirani yake, amwambie leo akirudi nyumbani: Babu Tarsisi hakujua. La kwanza kwenye orodha ni Lidia Hamphrey Nombo, aliyekuwa kambini akiwa na miaka tisa na aliyebeba viazi ziwani kama wenzake. Babu alifika mlangoni kwao mara tatu, na mara tatu aliambiwa na baba yake kwamba mtoto amelala.

Lidia, tunajua umekaa mstari wa mbele, karibu na baba yako. Babu hakujua. Wamebaki kumi na wanne. Wa mwisho wao akishaambiwa, ndipo Mzee Tarsisi atakapopumzika kwa amani.