Dakika Saba za Kuosha Vyombo

Wifi yangu, yule anayeshona sare za shule, ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuja kuchukua pasi yake, akasimama mlangoni, akasema filamu ya mama ilionyeshwa jana kwenye banda la video nyuma ya soko, na mama hakuonekana. “Mgongo tu, wifi. Mgongo na beseni, halafu picha ikaruka, kijana akaanza kupiga mtu.” Nilimwuliza kama alikuwa amesinzia. Akasema watu walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba hata maiti asingesinzia.

Mama yangu hakuwa mwigizaji. Alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli ndogo ya chakula, na mwongozaji mmoja aliyekuwa akila pale alimkuta akizungumza na masufuria, akamwomba aigize mama wa kijana. Mama hakujua kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, basi jioni nilikuwa namsomea mistari yake naye anairudia mpaka ikamkaa. Yalikuwa maneno ya dakika saba, anaosha vyombo na kumwambia mwanawe jambo. Wakati huo mimba yangu ilikuwa na miezi mitano. Ilipofika minane, mama akafariki. Hakumwona mjukuu wake, na mjukuu hana pa kumwona yeye, ila kwenye picha ya kitambulisho, ambamo amekaza uso kama mtu anayedaiwa maelezo. Jana yake nilitaka kumpeleka mtoto kwenye filamu. Akapata homa. Nikajiambia tutakwenda kesho.

Kesho yenyewe ndiyo siku hiyo aliyokuja wifi. Alasiri nikambeba mtoto mgongoni na chupa zangu mbili za kahawa mkononi, nikaenda kijiweni kama kawaida. Kijiwe chetu ni benchi moja refu chini ya bati la fundi viatu, mguu mmoja wa benchi umefungwa waya, na mimi hukaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa. Namimina, napokea vikombe, nasuuza. Wenyewe wananiita Mama Kimya. Siku hiyo niliwakuta tayari wameshaanza.

— Filamu mbovu kuliko zote tangu mwaka uanze, alikuwa anasema fundi viatu, ambaye wanamwita Hakimu kwa sababu kila kitu anakitolea hukumu. Nimesema, na sirudii.

— Utarudia, alisema Bando. Hujawahi kusema kitu mara moja wewe.

Bando anauza vifuniko vya simu. Ana simu mbili, na filamu nyingi anaziangalia humo vipande vipande.

— Mwanamke anaosha, aliendelea Hakimu. Mwanamke amekufa. Kijana anampiga mzee. Mwisho! Hiyo nayo hadithi? Zamani filamu ilikuwa na mwanzo. Steringi, yule shujaa, unamjua akiingia tu. Adui unamjua kwa miwani.

— Na kwa kicheko, alidakia Mzee Tiketi. Adui alikuwa anacheka peke yake, ukumbi mzima kimya.

Mzee Tiketi alikata tiketi miaka mingi katika ukumbi mkubwa wa sinema. Sasa ukumbi ule ni ghala la vigae, lakini yeye bado anapita kila asubuhi kuutazama mlango.

— Watu walipiga pasi nguo kuja kwangu, alisema. Saa tatu nzima, na mapumziko katikati. Mama akilia kwenye pazia, akina mama kwenye viti wanalia. Taa zikiwaka nafagia leso.

— Ndiyo maana pakawa ghala, alisema Bando. Nani ana saa tatu, mzee wangu? Mimi filamu isipompiga mtu kofi ndani ya sekunde kumi, kidole changu kimeshaondoka.

— Kidole chako kina akili kukushinda?

— Kina haraka kunishinda. Mama Kimya, niongezee.

Nikamwongezea. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, shavu lake bado lina joto kidogo.

— Tatizo ni waigizaji, alisema Hakimu. Siku hizi hawaulizi kama unajua kuigiza. Wanauliza una wafuasi wangapi kwenye simu. Binti hajui hata kushika ufagio, wanampa awe mtumishi wa ndani. Ana kucha ndefu kama vijiko.

— Waigizaji wana nafuu, alisema Bando. Mimi tatizo langu ni kochi. Lile kochi jekundu, hamlioni? Tajiri analo, maskini analo, mganga analo. Lile kochi limeigiza kuliko mtu yeyote nchi hii. Lingekuwa na mdomo lingedai tuzo.

— Kochi linajua kazi yake, alisema Mzee Tiketi. Linanyamaza wenzake wakiongea.

Wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliweka nyundo chini, ishara kwamba sasa anakuja na kitu kikubwa.

— Sikilizeni. Filamu za sasa haziandikwi na binadamu. Nimeambiwa na mtu anayejua. Wanachukua ugomvi wa mtaani, wanaulisha kwenye kompyuta, kompyuta inatema filamu. Ndiyo maana watu wanalia bila machozi.

— Haiwezekani, alisema Mzee Tiketi.

— Haiwezekani? Jana yule mwanamke wa vyombo umemwona uso?

Mzee Tiketi alifikiri.

— Sikumwona.

— Nani kamwona uso? Hakuna! Mgongo na mikono tu. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta inajua kuchora mikono, inajua kuchora sabuni, lakini uso wa mama haiujui. Haikuzaliwa. Yule si mtu, ndugu zangu. Yule ni umeme.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikisuuza, nikakisuuza tena, na kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Hapo ndipo alipocheka Rimoti. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kimya mpaka wakati huo. Rimoti ndiye anayeendesha banda la video. Jina hilo amelipata kwa sababu rimoti yake haitoki kwenye mfuko wa shati, hata akienda msalani.

— Uso alikuwa nao, alisema. Mbona alikuwa nao? Mimi ndiye niliyeuruka.

— Umeuruka vipi?

— Nyie mnaingia kwangu mwaka wa ngapi huu na hamjui kazi yangu? Mluzi wa kwanza navumilia. Wa pili natoa rimoti mfukoni. Wa tatu naruka. Hiyo ndiyo sheria ya banda. Bila hivyo watu wangenichomea banda. Yule mama aligeuka, akaanza kuongea. Anaosha, anaongea. Anaosha, anaongea. Sahani moja dakika nzima! Miluzi mitatu hata sufuria hajaligusa. Nikapeleka mbele.

— Mbele hadi wapi?

— Hadi kwenye ngumi. Lile pigano liko safi, lazima mkubali. Nililirudia mara mbili.

— Pigano lilikuwa safi, alikiri Hakimu.

— Ile ya kumkokota mpaka kwenye mtaro! alisema Bando, akasimama kuonyesha. Banda zima “mpe, mpe, mpe!” Mimi mwenyewe sauti imekauka mpaka leo.

— Nami nilipiga kelele, alisema Mzee Tiketi, kama mtu anayeona haya kidogo.

— Mnaona? alisema Rimoti. Waongozaji wanajiona wao ndio wanatengeneza filamu. Filamu anatengeneza huyu. Akagonga mfuko wa shati. Wao wananiletea saa moja na nusu ya porojo, mimi nawapa watu dakika arobaini za maana. Siku hizi watu hawataki kuelezwa, wanataka kuonyeshwa. Mkondo umebadilika.

— Na mwenye filamu alisemaje?

— Alikuwepo. Alisimama nyuma pale karibu na mlango. Ilipoisha akanipa mkono, akasema isionyeshwe tena, akaniomba nimtunzie diski, kesho saa tatu asubuhi anapita kuichukua. Anasema anaacha filamu. Anakwenda kupiga video za harusi.

— Afadhali, alisema Hakimu. Kwenye harusi angalau kuna mwanzo.

Nilihesabu kichwani. Kesho saa tatu. Nyumbani hatuna mashine ya diski, na simu yangu ni ya vitufe. Mwongozaji simjui anakokaa. Mama ndiye aliyemjua. Nilifungua mdomo. Ninaapa nilifungua. Hakimu akaninyooshea kikombe, nikamimina.

Wakati huo alikuwa amefika mtu tusiyemjua, fundi vioo aliyekuja kubadilisha dirisha la kinyozi wa jirani. Kioo alikiegemeza ukutani kwa uangalifu, akaomba kahawa, akasikiliza kidogo akiwa amesimama.

— Kumbe mnazungumzia ile ya jana? alisema. Na mimi niliingia. Niliwahi kumaliza kazi, nikasema nipumzike pale. Lakini nilichelewa, mwanzo sikuuona. Hebu nisaidieni, ndugu zangu. Yule kijana alikuwa anampiga yule mzee kwa kosa gani?

Hakimu alichukua nyundo, akairudisha.

— Yule mzee ni adui, alisema.

— Alifanya nini?

— Alikuwa na… Bando, alikuwa na nini yule?

— Alikuwa na gari, alisema Bando.

— Kuwa na gari si kosa.

— Labda alimdhulumu kiwanja, alisema Mzee Tiketi. Wazee wa filamu huwa wanadhulumu viwanja.

— Ulikiona hicho kiwanja?

— Sikukiona.

Wote wakamgeukia Rimoti. Rimoti alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo na hana kijiko cha kulitoa.

— Mimi nilikuwa naangalia miluzi, alisema.

— Sasa, alisema yule fundi vioo, bila ubaya wowote, mlikuwa mnashangilia nini?

Pikipiki ilipita. Bando alitoa simu moja, akaiwasha, akaizima. Mimi nilijua. Katika watu wote wa pale, mimi tu ndiye niliyejua, neno kwa neno, na mahali pa kuvuta pumzi, na sahani gani anaiweka chini anapolisema. Hakimu alininyooshea kikombe tena, bila hata kuniangalia.

— Kahawa imeisha, nilisema.

Haikuwa imeisha. Chupa ya pili ilikuwa nzito mkononi nilipoibeba kurudi nyumbani, na nilipofika niliimwaga kwenye mchanga mlangoni.

Asubuhi yake sikuchemsha kahawa. Nilimwogesha mtoto, nikamvalisha koti lake la rangi ya maziwa, tukafika kwenye banda saa moja na nusu. Rimoti alikuwa anafagia maganda ya karanga. Sentensi nilikuwa nimeipanga njia nzima, na niliitoa yote kwa mara moja ili isikatike.

— Kaka, naomba uniwekee ile filamu kabla mwenyewe hajaja, na usiruke.

Alisimamisha ufagio. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema maneno mengi kiasi kile.

— Yote? Hata ile ya vyombo?

— Ile ya vyombo hasa.

— Kuna nini kwenye vyombo, Mama Kimya?

Nilikaa benchi la mbele, nikampakata mtoto. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaweka ufagio ukutani, akawasha mashine. Yeye akaketi benchi lile lile, mbali kidogo nami.

Mgongo ukaja. Beseni, mikono. Halafu mama akageuka. Alikuwa amefunga ile khanga yake iliyochanika pindo, na paji la uso lilikuwa na jasho la kweli, kwa maana aliosha vyombo vya kweli. Banda lilikuwa tupu, hakuna wa kupiga mluzi. Hata hivyo, sahani ya kwanza ilipofika nusu, niliuona mkono wa Rimoti ukipanda wenyewe kuelekea mfukoni. Si kwa ubaya. Ni kwa mazoea. Nilimnyooshea kiganja. Alisita. Akanipa rimoti, nikaikalia.

— Kazini kwake utakwenda, alisema mama, akisugua. Najua utakwenda, umefanana naye kwa ukaidi. Lakini mkono wako usimguse yule mzee, mwanangu. Mambo aliyonitenda ni yangu mimi, nimeshayaosha. Wewe ukimpiga, unampiga baba yako.

Rimoti alinigeukia taratibu. Mdomo wake ulikuwa wazi.

— Baba yake? alisema. Yule mzee ni baba yake? Na mimi lile pigano nililirudia… watu walikuwa wanasema mpe, mpe…

Mtoto alikuwa ameacha kunyonya kidole, anatazama pazia.

— Nyamaza, nilimwambia Rimoti. Mama anaongea.