Mwalimu Anyosisye na Jambo Alilokataa Kulitubu

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, na ninyi majirani wa Ngonga na hapa Ndandalo, ndaga fijo, asanteni sana kwa kuja, familia inaomba mtege sikio yasomwe maisha ya mpendwa wetu, yaliyomfurahisha na yaliyomchosha, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Mwalimu Anyosisye Mwaikenda alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 huko Ngonga, kwa wazazi wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1982, akamaliza kidato cha sita Mbeya mwaka 1989, akahitimu ualimu wa fizikia Dar es Salaam mwaka 1994, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha sekondari wilayani hapa, alikodumu hadi ugonjwa ulipomtoa darasani.

Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na Kisa, mama yetu huyu, wakajaliwa Tulinagwe mwaka 1998 na Gwamaka mwaka 2001. Alikuwa mtu wa toba, akimfokea mkewe Jumatano kwa sababu ya chai iliyopoa, Jumapili anasimama kuungama mbele ya kanisa zima, mama anamvuta koti, "Baba Tulinagwe, kaa chini, hayo ni ya nyumbani," naye hakai.

Mwezi Juni 2016 alipeleka darasani kioo na pia ile ya kuchezea watoto, akaizungusha pia mbele ya kioo, wanafunzi wakaona ile ya kiooni inazunguka kinyume, ndipo akawaeleza kwamba wataalamu wote waliamini maumbile hayabagui kati ya kitu na picha yake ya kiooni, mpaka mwishoni mwa 1956, kule Marekani, kobalti ilipopoozwa baridi ya kupindukia na sumaku ikavipanga viini vyake vizunguke upande mmoja, kisha wakahesabu elektroni zinazotoka viini hivyo vinapooza, na badala ya kutoka sawasawa juu na chini zikatoka nyingi zaidi upande mmoja, na sumaku ilipogeuzwa nazo zikageuka, basi ikajulikana si kosa la chombo, ni maumbile yenyewe, na katika kuoza huko yanashika kushoto.

Watoto walifika nyumbani na neno moja tu, kwamba Mwalimu amesema Mungu ana mashoto.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwani huku kwetu hata chumvi hupewi kwa mkono wa kushoto, na mbuzi wa Injili tunajua walisimamishwa wapi, wazee wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atubu. Alikwenda kwenye baraza la wazee na pia yake, ajenda ikahamia kwenye mabati ya kanisa, akarudi mwaka uliofuata, wakajadili kwaya, akaja tena, Mzee Hezroni akamwambia, "Mwalimu, wewe unatubu hadi chai, hili linakushinda nini?" akajibu kwamba chai ni kosa lake, lakini elektroni hakuzituma yeye. Miaka tisa alikaa benchi la nyuma akiimba sauti ya nne, wenzake wakienda mezani yeye anatazama viatu, na akijua fika kwamba aliyetengwa hazikwi na mchungaji, jambo lililomnyima raha kuliko yote.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa Kyela na Mbeya, hali ikabadilika, na tarehe 8 Mei 2025 saa nne asubuhi alifariki dunia, ameacha mjane na watoto wawili.

Jana Mzee Hezroni alikuja hapa msibani, akasema kanisa limeshamsamehe, azikwe. Mama Kisa akamjibu, "Mzee wangu, ya chai aliomba msamaha mkampa, hili hakuliomba, msimpe marehemu kitu alichokikataa akiwa hai." Akinamama wakaacha kupepeta mchele, mwisho baba mchungaji aliyekuja naye akasema, "Basi, mama, tutamzika tu, bila kumsamehe."

Familia inamshukuru Daktari Jovina na wauguzi wote, majirani mliolala nasi chini, Mwalimu Evodius na walimu wenzake, na Mzee Hezroni aliyeshika jembe kaburini tangu asubuhi.

Mwalimu, mchungaji amevaa joho, anakusubiri, pumzika kwa amani.