Ubao wa Kitanda cha Egon

Benchi letu liko nyuma ya kanisa, chini ya mti wa mlinde uliochanua, na sisi tunaolikalia hatuna kazi zaidi ya kunywa kahawa ya mwenzetu Roswitha na kubishana. Hii ni wiki ya kumkumbuka mtunzi wetu wa muziki, aliyezaliwa nyumba ile yenye vigae vyeusi hapo mbele. Mwaka huu wamekuja vijana na kamera, na muziki wa leo jioni utarushwa moja kwa moja mtandaoni. Basi tangu mchana tunajiuliza: muziki ukishatoka mle kanisani, unakwenda wapi?

Hilmar, tunayemwita Profesa kwa sababu hata usingizini havui miwani, alikuwa na jibu lake.

— Unapanda mpaka kwenye setilaiti, unapoa, halafu unashuka.

— Unashuka kama nini?

— Kama umande. Hujawahi kuamka na wimbo kichwani, hujui umeutoa wapi?

Ottfried, ambaye ni Tarumbeta kwetu ingawa meno ya kupulizia yalishamtoka, alisema Profesa anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwake yeye muziki hauendi popote. Umo ukutani tangu mtunzi akiwa mtoto, na hawa vijana wanaukinga tu, kama mtu anayekinga maji ya bomba. Mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikaongeza kwamba labda na mtunzi mwenyewe atausikia huko aliko. Hakuna aliyenicheka. Maua yalikuwa yanadondokea vikombeni, nyuki wanavuma juu yetu, na saa kama ile mtu anaamini lolote.

Roswitha hakuchangia. Alitaka muziki ufike mahali pamoja tu: nyumba ya wazee kule mjini, kitanda cha dirishani. Mumewe, Egon, ndiye aliyekuwa akikanyaga mivukuto inayosukuma upepo kwenye kinanda chetu cha kanisani. Siku za kawaida upepo wa kinanda unatoka kwenye mota, lakini wiki hii mota huzimwa na mtu hukanyaga kwa miguu, kama enzi za mtunzi. Tangu kiharusi cha majira ya baridi Egon hasemi, wala hamtambui mkewe. Muuguzi ameahidi kumwekea simu sikioni.

Hapo akatokea binti mmoja wa mitambo, wa wale vijana wa kamera, hedifoni shingoni.

— Samahani wazee wangu. Kuna ubao wa kukanyagia mivukuto, unalia kila mtu akiukanyaga. Naweza kuufuta huo mlio kwa mashine. Niufute?

Profesa akasema aufute upesi, dunia isije ikadhani tuna kinanda kibovu. Tarumbeta akamwambia dunia ina vibovu vingi kuliko hicho. Wakabishana hapo, mpaka Roswitha alipoweka chupa ya kahawa chini.

— Ubao huo umetoka kwenye kitanda chetu, alisema. — Ule wa zamani ulivunjika mkesha wa Krismasi, kabla mota haijaletwa, Egon akaja kung'oa wa kitandani. Nililala upande upande mpaka Pasaka. Nilimnunia, lakini kila ukilia nilikuwa nacheka peke yangu kanisani, na yeye kule juu kwenye mivukuto alijua nacheka.

Akamshika binti mkono.

— Mimi hanijui tena. Huo mlio usinifutie, mwanangu.

Binti akainama karibu yake.

— Akiusikia, mama, atajua?

Profesa aliiokota chupa ya kahawa, akatumiminia. Na mimi niliyekuwa nimempa mtunzi masikio huko aliko, nikaanza kutoa maua kikombeni.

Binti akarudi ndani bila kusema atafanya nini. Jioni kengele ikalia, kinanda kikaanza polepole, na Tarumbeta akaishika simu yake katikati yetu ili tusikie kinachokwenda huko nje. Chini ya muziki tukausikia: krii, kimya, krii. Roswitha alifumba macho. Miguu yake ilikuwa inakanyaga changarawe, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Tukaanza kukanyaga naye.